Chakula Kilicho Safi Zaidi: Maduka ya Istanbul na Mizani ya Muhtasibu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Kila Ijumaa wengi wetu husoma Suratul Kahf, na kisa cha wale vijana waliolala pangoni twakijua tangu madrasa. Walilala miaka 309, na walipoamka na kumaliza kuulizana wamelala muda gani, walimtuma mmoja wao mjini na sarafu yao ya fedha akatafute chakula. Lakini hebu tuangalie walivyomuagiza. Hawakumwambia alete chochote atakachokikuta. Walimwambia atazame ni chakula kipi kilicho safi zaidi, awaletee hicho, tena aende kwa upole na asijitambulishe.

Yaani kijana ni mgeni, mji haujui, pesa ni kidogo, na kazi aliyopewa ni kutafuta duka lenye chakula kizuri. Wafasiri wamesema kwamba neno hilo la "safi zaidi" lina maana ya halali, na pia lina maana ya ubora. Qur'ani haikutaja jina la mji, lakini ziko simulizi za zamani zinazosema ulikuwa Ephesus, na nyingine zinasema Tarsus. Miji yote miwili leo iko nchi ya Uturuki.

Basi twende Uturuki, katika mji wa Istanbul. Ndugu zetu wengi hupita huko siku hizi. Wako wafanyabiashara wa Eastleigh wanaofuata nguo, wako wanafunzi, na wako wanaobadilisha ndege wakapata siku moja ya kutembea. Wote hurudi na mzigo wa vyakula: haluwa, viungo, kahawa, tende na zafarani. Na wote hukutana na swali lile lile la kijana wa pangoni: katika mji nisiojulikana, nitajuaje duka la kweli?

Swali hili si dogo. Mwenyeji akipunjwa leo, kesho atarudi dukani na kelele zake, na mtaa mzima utasikia. Mgeni hana kesho. Akishapanda ndege ndiyo basi tena. Kwa hiyo ukitaka kulijua duka zuri, usiangalie linavyompimia jirani yake. Angalia linavyompimia mtu asiyeweza kurudi. Waislamu waliotutangulia walilijua hilo, na hawakuliacha mikononi mwa bahati. Waliliwekea kazi maalum, na kazi hiyo ina historia ndefu.

Hisba ilianzia sokoni Madina

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni akakuta lundo la nafaka. Akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na maji. Alipomuuliza mwenye mali, yule bwana akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Kisha akaeleza kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Zingatia, ndugu yangu, kwamba yule muuzaji hakutia maji kwa mkono wake. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Kosa lake lilikuwa ni kuificha sehemu mbaya chini na kuionyesha nzuri juu. Na Mtume (S.A.W.) hakuridhika na kutazama juu, bali alitia mkono mpaka ndani. Hapo ndipo ulipo msingi wa kazi ya kukagua soko.

Imepokewa pia kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alimkabidhi bibi mmoja aliyejua kusoma na kuandika, Shifaa bint Abdullah (R.A.), sehemu ya usimamizi wa soko la Madina. Baadaye kazi hiyo ikapata jina, hisba, na mwenye kuifanya akaitwa muhtasibu. Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliiandikia mlango mzima katika kitabu chake cha hukumu za utawala.

Karne moja baadaye huko Shamu, Abdurrahman al-Shayzari aliandika kitabu cha muongozo wa muhtasibu. Alikipanga kazi kwa kazi: waoka mikate, wachinjaji, wapika haluwa, wauza dawa na viungo, na wengineo. Na hakuandika maneno ya jumla tu. Kwa mfano, alitaka muhtasibu awaamrishe wenye mizani wazifute mafuta na uchafu kila baada ya muda mfupi, kwa sababu tone la mafuta likiganda kwenye sahani ya mizani huongeza uzito. Tone moja la mafuta! Leo ukimwambia mtu hivyo atasema unamsumbua.

Ramadhani na bei za Istanbul

Sultan Muhammad al-Fatih aliufungua mji wa Istanbul mwaka 1453. Mji ukakua haraka, na kuulisha kukawa ni kazi ya dola. Mwaka 1502, wakati wa Sultan Bayezid wa Pili, ilitolewa sheria ya soko kwa mji wa Bursa, na Istanbul na Edirne pia zikapata zao. Sheria hizo zilitaja mkate, nyama, matunda na bidhaa nyingi nyingine, kwa bei zake na kwa viwango vya ubora wake.

Mzigo ulioingia Istanbul haukwenda dukani moja kwa moja. Ulipitia kwanza kwenye mizani kubwa ya umma iliyoitwa kapan, ukapimwa mbele ya wasimamizi, ndipo ukagawiwa kwa wafanyabiashara. Unga ulikuwa na mahali pake, Unkapanı. Asali ilikuwa na mahali pake, Balkapanı. Majina hayo yako mpaka leo. Na neno lenyewe si geni kwetu, kwa maana wazee wa pwani nao waliiita mizani kubwa "kapani". Sisi na Waturuki tumelichota neno hilo kwenye kisima kimoja cha Kiarabu.

Aliyesimamia haya yote alikuwa kadhi, na chini yake afisa wa soko, ambaye ni yule yule muhtasibu wa zamani. Hata Waziri Mkuu alikuwa akitoka na kadhi kuzunguka masokoni kukagua bei na mizani. Aliyeshikwa na mizani ya uongo angeweza kupigwa falaka hadharani.

Na kabla ya Ramadhani kuingia, mji ulitangaziwa orodha ya bei za vyakula. Waliiita narh. Sababu yake utaifahamu mwenyewe, kwa kuwa mwezi huu mahitaji hupanda, na mahitaji yakipanda, tamaa nayo hupanda.

Hapa kuna jambo la kielimu tusilipite. Iko hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) aliombwa aweke bei, akakataa kwa kuchelea asije akamdhulumu mtu. Kwa hiyo wanazuoni walikhitilafiana juu ya kupanga bei. Katika madhehebu ya Hanafi, ambayo ndiyo iliyofuatwa na dola ya Uthmaniya, ilionekana inafaa pale wauzaji wanapovuka mpaka na kuwaumiza watu. Lakini kuhusu mizani ya uongo na kuficha kasoro hakuna khitilafu. Suratul Mutaffifin inaanza na onyo kwao, na Qur'ani imetusimulia jinsi kaumu ya Nabii Shuaib (A.S.) walivyoangamia huku wakionywa juu ya vipimo vyao.

Soko lililojengwa kulisha msikiti

Ukifika Istanbul, sehemu ya kwanza utakayoambiwa uende kununua viungo ni Mısır Çarşısı, yaani Soko la Misri. (Herufi Ç isome "ch" na ş isome "sh".) Liko Eminönü, karibu na bahari, ubavuni mwa msikiti mkubwa uitwao Yeni Cami, Msikiti Mpya. Hilo neno Cami ndilo Jamia, kama Msikiti wa Jamia wa Nairobi.

Msikiti huo una kisa. Ulianzishwa mwaka 1597 na Safiye Sultan, mama yake Sultan Mehmed wa Tatu. Mwanawe alipofariki mwaka 1603 kazi ikasimama, na kuta zikakaa bila kumalizika kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1660 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Baada ya moto huo, mama wa sultani mwingine, Turhan Hatice Sultan, mzazi wa Mehmed wa Nne, aliichukua kazi na kuimaliza. Pamoja na msikiti alijenga madrasa ya watoto, sehemu za maji ya kunywa kwa wapita njia, na soko hili, lililokamilika mwaka 1664.

Soko lilijengwa kwa nini? Lilikuwa waqfu. Kodi ya maduka ndiyo iliyoutunza msikiti na huduma zake. Jina la Misri lilitokana na mapato ya jimbo la Misri na bidhaa zilizofika kwa njia hiyo: viungo vya India na kahawa ya Yemen, kupitia Bahari ya Shamu na Cairo.

Hebu fikiri maana yake. Muuza pilipili aliyepanga humo alikuwa akichangia taa za msikiti na maji ya msafiri kila alipolipa kodi yake. Biashara na ibada zilikaa ukuta kwa ukuta. Bila shaka waongo walikuwepo, kwani binadamu ni binadamu. Lakini mtu aliyeghushi pale alijua kodi yake inakwenda wapi, na adhana aliisikia mara 5 kwa siku ikitoka mlango wa pili.

Raha ya koo, na harufu ya kahawa

Sasa tuingie madukani. Nitakutajia mawili tu, yote yako karibu na soko hilo na yote yanafanya kazi mpaka leo.

La kwanza ni la Hacı Bekir. Bekir Efendi alitoka mkoa wa Kastamonu akaja Istanbul, na mwaka 1777 akafungua duka la vitamu mtaa wa Bahçekapı. Baadaye akaenda kuhiji, ndipo akaitwa Haji Bekir. Sifa yake ni lokum, vile vitamu laini vilivyokatwa vipande na kunyunyiziwa sukari. Jina lake la asili ni la Kiarabu, rahatul hulqum, yaani raha ya koo. Zamani vitamu vya namna hii vilipikwa kwa asali au maji mazito ya zabibu pamoja na unga. Sukari nyeupe ilipopatikana, wapishi wakahamia kwenye sukari na wanga. Msomaji wa Mombasa au Lamu atatambua mara moja kwamba hawa ni jamaa wa haluwa yetu: wanga, sukari, moto, na mkono usiochoka kukoroga. Tofauti kubwa ni kuwa sisi twatia samli na iliki. Haji Bekir alifikia kuwa mkuu wa wapika vitamu wa kasri ya Sultan Mahmud wa Pili, na kizazi baada ya kizazi cha ukoo wake kimelishika duka hilo.

La pili ni la kahawa. Kahawa yenyewe ilienezwa na masufi wa Yemen katika karne ya 15, walioinywa wapate kukesha katika dhikri. Haikupokewa kwa urahisi. Makka ilipigwa marufuku mwaka 1511, na Istanbul Sultan Murad wa Nne alifunga migahawa yake mwaka 1633. Mwanahistoria Peçevi ameandika kuwa waliofungua migahawa ya kwanza ya kahawa Istanbul, katika miaka ya 1550, walikuwa watu wawili kutoka Shamu, mmoja wa Halab na mwingine wa Dimishki. Walikuwa wageni pia! Mahali pao palikuwa Tahtakale, nyuma tu ya Soko la Misri.

Kwa miaka mingi watu walinunua buni mbichi, wakaenda kukaanga na kutwanga nyumbani. Mwaka 1871 kijana aitwaye Mehmet alirithi duka la baba yake, Hasan Efendi, katika njia ya Tahmis, jina ambalo maana yake ni kukaanga. Mehmet akaanza kuikaanga kahawa hapo hapo na kuisaga, akaiuza tayari. Mteja aliona buni ikiingia na unga ukitoka. Watu wakamwita Kurukahveci, muuza kahawa kavu, na mwaka 1934, sheria ilipomtaka kila raia wa Uturuki kuwa na jina la ukoo, wanawe walilichukua hilo. Leo ukipita njia ile utakuta foleni dirishani, na harufu itakupokea kabla hujaliona duka.

Mnaona, maduka yote mawili yalipata jina kwa bidhaa moja iliyofanywa vizuri, miaka nenda miaka rudi. Hayakuanza na kila kitu.

Ukifika huko, fanya hivi

Kwanza, tumia Kiswahili chako kama ufunguo. Kituruki kina maneno mengi tuliyochota mahali pamoja. Dükkân ni duka. Kahve ni kahawa. Şeker ni sukari. Helva ni haluwa. Karanfil ni karafuu. Zeytin ni zeituni. Safran ni zafarani. Hata tarçın ni ndugu wa mdalasini, kwani yote mawili yametoka kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya mti wa China.

Pili, usiishie ndani ya soko lenyewe. Soko la Misri leo lina maduka zaidi ya 80, na mengi yanawalenga watalii. Tazama kwa macho, kisha toka nje uingie vichochoro vya Tahtakale, wanakonunua akina mama wa mji. Ukipata muda, nenda mtaa wa Fatih, karibu na mfereji wa kale wa maji wa Valens, kwenye Soko la Wanawake, Kadınlar Pazarı. Huko watu wa kusini-mashariki ya Uturuki, hasa wa Siirt, huuza jibini, asali, siagi na nyama za kwao.

Tatu, jihadhari na zafarani ya bei rahisi. Mara nyingi utaonyeshwa ua jingine kavu, la rangi ya machungwa, likiitwa zafarani ya Kituruki. Rangi linatoa, harufu halina. Zafarani ya kweli ni nyuzi nyekundu zilizoiva, ncha moja imepanuka kama tarumbeta. Tia uzi mmoja katika maji: rangi itatoka polepole, ya njano, na uzi wenyewe utabaki mwekundu. Maji yakiwa mekundu papo hapo na uzi ukapauka, hiyo imetiwa rangi.

Nne, soma kibao cha bei uone ni ya kilo au ya gramu 100. Ukinunua vitamu vya kupima, hakikisha boksi tupu limewekwa kwenye mizani kwanza na hesabu ikarudi sufuri, usije ukanunua karatasi kwa bei ya lozi. Ukipewa kipande uonje, wao huita ikram, onja na shukuru (ikiwa hukufunga!). Kuonja si deni la kununua.

Tano, uliza kwa upole. Vijana wa pangoni walimuagiza mwenzao upole pamoja na ubora. Mwenye duka wa kweli hupenda kuulizwa kitu kimetoka wapi na kimeingia lini. Anayekasirika kwa swali, mpe salamu na upite.

Mgeni wa dakika ya mwisho

Sasa turudi kwetu, kwa sababu si kila mtu atakwenda Istanbul, lakini sote tutafuturu leo, inshaallah.

Nilisema kwamba duka hujulikana kwa namna linavyompimia asiyeweza kurudi. Katika Ramadhani, mtu huyo yuko kila mtaa. Ni yule anayekuja mbio mbele ya meza yako zikiwa zimebaki dakika 10 adhana ya Magharibi ilie. Ametoka kazini, watoto wanamngoja, hana muda wa kugeuza tende upande wa chini wala kuuliza mafuta ya bajia ni ya lini. Ni jirani yako, lakini saa ile amekuwa mgeni. Amekuamini kwa sababu hana njia nyingine.

Ewe kijana unayeuza kaimati, sambusa na viazi vya rojo barabarani, nawe dada unayepima tende kwa vifurushi, kazi yenu ni ya heshima na ina baraka nyingi. Lakini boksi la tende zilizo nzima juu na zilizochacha chini ni lile lile lundo la nafaka la Madina. Mafuta ya juzi yaliyochanganywa na ya leo ni yale yale. Sahani ya mizani yenye ganda la mafuta ni ile ile ya al-Shayzari. Na kupandisha bei maradufu kwa sababu mwezi umeandama, jiulize, utaandikiwa nini na Mola wako hali nawe umefunga?

Hatuna sultani wa kutangaza narh usiku wa kuamkia Ramadhani. Wakaguzi wa vipimo wa serikali wapo, lakini hawawezi kusimama kwenye kila meza. Basi kila mmoja wetu na awe muhtasibu wa meza yake. Na vijana wa vyama na misikiti tunaweza kufanya zaidi. Tununue mizani moja nzuri, tuiweke barazani mwa msikiti alasiri za Ramadhani, na tumwambie kila mnunuzi kuwa anaweza kuja kupima tena bila malipo. Hatutamkamata mtu wala kumuaibisha. Mizani ikiwa mahali pa wazi, zile za mitaani nazo zitajirekebisha zenyewe.

Na wewe mnunuzi una sehemu yako. Ukimpata muuzaji anayekwambia bila kuulizwa, "Hizi za jana, chukua zile," usimuache. Mtangaze kwa jamaa na jirani. Ndivyo Haji Bekir na Mehmet wa kahawa walivyojulikana, kwa midomo ya watu walioridhika.

Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu, atulishe vilivyo halali na vizuri, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kupima kwa haki, kwa tunayemjua na tusiyemjua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.